Bata Dume Anapofunga Virago

Fundi simu yule hakuwa mtu wa filamu. Alizijulia kazini, maana kila kioo alichobadilisha alikijaribu kwa kuchezesha filamu nzima, aone kama kitaganda au kutoa mistari. Tangu mkewe aondoke na binti yao na kuolewa kwingine, vioo vya wateja vikawa vinajaribiwa kwa katuni tupu. Wateja wakamcheka. "Fundi, siku hizi umerudi chekechea?" Yeye, kichwa chini, anachagua filamu ya Jumamosi.

Jumamosi ndiyo siku aliyoachiwa mtoto, na sasa hata hiyo ilitaka kumponyoka. Mama mtu alikwishatamka kwamba binti amekua, ataulizwa mwenyewe kama bado anataka kwenda kwa baba yake. Fundi akaapa hatampa sababu ya kukataa. Matusi, hapana. Bunduki, hapana. Mizimu, hapana kabisa. Na zaidi ya yote, wazazi wanaoachana, hapana.

Wiki hiyo alipata katuni ya familia ya bata, ya kuchekesha kwelikweli, ila katikati bata dume anafunga virago na kuwaacha wanawe. Fundi aliishika sehemu hiyo kwa kichwa. Jumamosi, sehemu hiyo ilipokaribia, akajifanya anapunguza sauti, akabonyeza rimoti, na bata dume akawa ameshaondoka.

Binti, aliyeketi naye kochini, akageuka.

"Baba, mbona umeruka pale baba yao anapoondoka?"

Fundi akajiona kama kavuliwa nguo. "We umejuaje?"

"Niliiangalia na Anko." Anko ndiye mume mpya wa mama yake. "Nililia sana. Lakini hakuizima. Alinishika mpaka ikaisha."

Inauma, jamani. Mtu kahangaika wiki nzima kumkinga mwanawe asilie, kumbe mtoto alishalia zamani, tena kifuani kwa mwanamume mwingine.

"Rudisha basi," binti akasema. "Tuangalie wote. Ukilia nitakushika."

Mwenye akili angerudisha hapo hapo. Fundi alikuwa na wivu, na wivu ulimziba masikio. Akazima televisheni, akasema muda umekwisha, na jua bado lilikuwa kali dirishani. Binti hakubisha. Alivaa viatu taratibu, akasema asante baba, kwa adabu ile ambayo watoto huwawekea wageni.

Ijumaa iliyofuata akampigia kazini.

"Baba, kesho siji."

"Unaumwa, mwanangu?"

"Hapana, mzima. Mama ameniuliza, na mimi nimemjibu."