Marashi Kwenye Mafuta ya Kukamulia

Niacheni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka: mimi ndiye mwanamke aliyefanya maziwa ya shirika zima yarudishwe kutoka mjini kwa sababu yananukia. Hayakuwa yameganda, hayakuwa yametiwa maji, yalikuwa yananukia!

Tulikuwa tumenunua shamba la mzungu huko Moiben, watu wengi kwa hisa, na kabla ya kugawana vipande tulikamua pamoja ng'ombe wake wa gredi, wale wa kizungu wenye maziwa mengi. Mimi nilikuwa mjane, na hisa ilikuwa kwa jina langu, si la shemeji yangu (ingawa shemeji aliililia kila mkutano), na mwenyekiti wetu, Mzee Mwangi, alikuwa upande wake, wote wawili wakingoja tu siku nitakosea ili niondolewe.

Sasa, kwa malipo yangu ya kwanza ya maziwa nilinunua marashi. Ndiyo, marashi, wala sikununua sufuria! Kichupa cha kijani, kutoka duka moja Eldoret, harufu ya waridi lililonyeshewa, na nyuma yake kitu kikali kidogo kama karafuu. Nikijipaka nilikuwa sisikii tena mambo ya shemeji.

Jumamosi moja dada yangu alikuwa anaolewa huko Plateau, nami nilikuwa na zamu ya kukamua asubuhi, na harufu ya ng'ombe mnaijua, haitoki mikononi hata usugue na jivu, basi nikajiambia nitie matone mawili tu kwenye mkebe wa yale mafuta tunayopaka chuchu za ng'ombe, mikono inukie yenyewe nikiwa kazini. Mkono ukateleza. Nikakoroga kwa kidole, nikanyamaza.

Mkebe ulikuwa mmoja, wa wakamuaji wote. Mzee Mwangi akajipaka hadi kwenye viwiko, akasema, "Haya mafuta mapya ni ya maana!"

Kabla sijavaa nguo ya harusi, lori likarudi na mikebe yetu yote ya maziwa. Kule mjini, kwenye kiwanda cha maziwa, walifungua kifuniko, wakanusa, wakakataa. "Wanasema maziwa yenu yananuka maua," dereva akasema, na hakuweza kumaliza kwa kucheka.

Mwenyekiti akatupanga mstari. "Kila mtu alete mikono!" Akanusa wa kwanza, maua. Wa pili, maua. Wanaume wazima, wenye ndevu, wote waridi tupu! Mkewe, Mama Wairimu, aliyekuwa amemletea uji, akamshika mumewe mkono, akanusa, akanusa tena.

"Na wewe, Baba Wairimu, hii harufu umetoa kwa nani?"

Watu wote wakageuka kuniangalia, maana ni nani mwingine pale alikuwa na marashi? Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikinyamaza, mimi ni hawara wa mwenyekiti. Nikisema, hisa inaenda kwa shemeji.

Nikasema. "Ni mimi, nilitia kwa mafuta. Na huyu bwana yako, mama, hata nikipewa bure simtaki."

Shemeji akaruka juu. "Mmesikia? Anyang'anywe hisa!"

"Maziwa ya leo yakateni kwa malipo yangu," nikamwambia. "Hisa siachi. Mtu akiitaka aje anivue mbele ya watu."

Mama Wairimu akaangua kicheko, akamwambia mumewe achague: mjane abaki na hisa yake, au yeye aendelee kuulizwa maswali hadi nyumbani. Mzee alichagua haraka sana.

Tangu hapo sijatia marashi kwenye mafuta ya ng'ombe, na sitatia tena, hilo nimejifunza. Lakini kujuta kuyanunua? Nijutie nini? Waliacha kuyatengeneza, nimeulizia hadi Nairobi, na hizi chupa wajukuu wananiletea zote zinanuka peremende. Ningeyapata leo ningejipaka kwenda kulisha kuku.

Siku ya kupimiwa vipande nilijipaka yaliyobaki yote, nikasimama kwenye mpaka wangu, upande upepo unakotoka, ili shemeji avute pumzi vizuri.