Ng'ombe Wanne wa Mzee Sulle

Evarist aliacha shule kidato cha pili, lakini pale Nangwa alijiita injinia, na ukibisha anakutania mpaka ukimbie. Alitengeneza programu ya kuandika ng'ombe waliowekwa kwa watu kutunzwa, nani kampa nani. Programu ilikaa ndani ya kontena, yaani boksi lake la kidijitali, kwenye seva, kompyuta inayoiendesha, na faili moja la maelekezo liliiambia seva namna ya kuiwasha. Jumatatu akabadilisha mstari mmoja, akawasha upya. Ikarudi tupu. Hakuwa ameandika kwenye faili hilo kwamba kumbukumbu zitunzwe nje ya kontena, kwa hiyo seva ilipounda kontena jipya na kufuta la zamani, zikaenda nalo.

Mzee Sulle akaingia ofisini kwake. Shahidi wa ng'ombe wake wanne walioko kwa mtunzaji kijijini Getanuwas alikuwa amezikwa mwezi uliopita, na ushahidi uliobaki ulikuwa wa kwenye programu tu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, injinia. Nionyeshe ng'ombe wangu."

"Hawapo, baba. Nimewafuta."

"Hata fisi hali wanne kwa siku moja!"

Evarist hakucheka wala hakuona aibu. Mwili wake ulikuwa umekufa ganzi kama gogo. Wakapanda bodaboda mpaka kwa mtunzaji.

"Uliniletea watatu tu," mtunzaji akasema.

Mzee akamgeukia Evarist ili aseme programu iliandika wangapi. Evarist akawatazama ng'ombe wakila, na moyoni hakusikia kitu.