Mpima Miwa na Kosa la Namba Tano

Wenceslao Pedroso alipima miwa ya kiwanda cha San Rufino miaka thelathini na tisa, na hakuna aliyemkuta amekosea hata ratili moja. Sisi tulimwita Lao. Alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe, na macho yake yalikuwa mizani ya pili. Ukipita mbele yake na nguruwe, anakutajia uzito wa nguruwe kabla hujamsalimu. Siku ya harusi yangu alisimama mlangoni mwa kanisa, akanitazama kutoka kwenye shela mpaka chini, akasema, "Ratili mia moja ishirini na moja, Nieves, na nne kati ya hizo ni viatu." Mume wangu alitaka kumpiga. Nilipofika nyumbani nikavipima. Nne kamili. Tulikuwa na padri wa kutoka Uhispania aliyeomba uhamisho kwa sababu kila Jumapili Lao alimwambia mahubiri yamepungua kiasi gani.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekabidhiwa daftari la besiboli. Timu ya kiwanda ilipocheza, aliketi nyuma ya wavu, penseli sikioni, akiandika kila mpira: nani kapiga, nani kadaka, nani kakosa. Mpira ukimpita mlinzi, yeye ndiye anayeamua kama ni mpigo halali, sifa ya mpigaji, au ni kosa la mlinzi. Akishaandika, na siku moja ikapita, daftari limefungwa. Hata askofu hawezi kulifungua.

Kiwanda kilikufa, mashamba ya miwa yakaota miiba, lakini banda la mizani lilibaki wima, na mizani yenyewe, ile ya kupimia mikokoteni, ilibaki nzima kwa sababu Lao aliendelea kuipaka grisi kama vile kesho msimu unaanza. Hapo ndipo tulipokaa kila asubuhi na kahawa yangu, nusu kahawa nusu njegere, tukibishania besiboli.

Ubishi wetu una taratibu zake. Ukifika unauliza, "Nani wa mwisho?" kama kwenye foleni ya mkate. Mwenzako anainua kidole, nawe unajua utasema baada yake. Kuna mwaka tulijaribu kubishana bila foleni, mabati matatu ya paa yakang'oka kwa kelele. Moja liliangukia wilaya ya jirani, na mpaka leo wamelikalia.

Neno lenyewe lilikuwa lile lile tangu tukiwa na meno: timu ipi ni kubwa kuliko zote katika historia ya San Rufino, ya mwaka sitini na tatu au ya sabini na nane? Zote zilichukua ubingwa wa mkoa. Ya sitini na tatu ilishinda mechi thelathini na moja na kupoteza mbili, na msemaji wake alikuwa Eneida Zaldívar, mpokea simu wa zamani wa kiwanda, mwanamke mpana mwenye sauti inayofika mjini bila waya. Ya sabini na nane ilishinda mechi chache zaidi, lakini ilikuwa na Ubaldo Quiñones, Mungu amrehemu, mrushaji ambaye mpira wake ulipita ukifuka moshi. Nimemwona mtu akiwasha sigara nao. Kwenye fainali Ubaldo hakupigwa mpigo halali hata mmoja, vipindi vyote tisa. Jambo hilo halijatokea tena mkoani kwetu.

Msemaji wa timu hiyo alikuwa Domitilo Arencibia, aliyelinda kituo cha tatu siku ile. Naye ndiye aliyefanya kosa. Kipindi cha saba mpira wa chini ulimpita, mpigaji akafika kituoni, uwanja mzima ukageuka kumtazama Lao. Lao akaandika kosa na namba tano, kwa kuwa tano ndiyo namba ya mlinzi wa kituo cha tatu. Sifa ya Ubaldo ikabaki safi, na Domitilo akabaki na ile tano. Miaka arobaini, sahani ikivunjika jikoni kwa mtu, mtaa mzima unasema, "Tano." Mtoto akiangusha yai, "Tano." Domitilo alipompeleka binti yake kubatizwa alimwaga maji ya baraka kwa kiwiko, na padri akasema "Tano" kabla ya kusema "Amina". Baba wa ubatizo siku hiyo alikuwa Lao, na tangu hapo wawili hao waliitana kompadre.

Basi akaja mchoraji kutoka ofisi ya utamaduni. Alisimama bandani na makopo yake ya rangi, akasema amepewa ukuta mmoja wa uwanja na rangi ya kutosha timu moja tu. Tumchagulie iliyo kubwa kuliko zote, aichore, wachezaji tisa, na chini ya kila mmoja aandike jambo analokumbukwa kwalo.

"Na huyu?" akauliza, akimwonyesha Domitilo. "Yeye anakumbukwa kwa lipi?"

Banda zima likasema, "Tano."

Domitilo akacheka pamoja nasi. Lao hakucheka. Nilimwona akiitazama ile mizani yake.

Ijumaa alikuja nyumbani kwangu, nikiwa nachambua maharage meusi. Akakaa, akaweka daftari la mwaka sabini na nane juu ya meza.

"Nieves, ule mpira haukuwa kosa."

"Upi?"

"Kuna mwingine? Uligonga mdomo wa shimo la yule kaa wa nchi kavu, pale kituo cha tatu. Niliona kwa macho yangu. Uliruka juu ya bega lake kama panzi. Malaika asingeudaka. Ulikuwa mpigo halali."

"Sasa kwa nini uliandika kosa?"

"Penseli ilikuwa hewani. Watu elfu mbili wananitazama. Domitilo akajipiga kifua, hivi, akanyoosha glavu kuelekea mezani kwangu, kama anasema niandikie mimi. Nikaandika." Akavua kofia. "Maisha yangu nimepima miwa ya watu, Nieves, hakuna aliyenung'unika. Kitu kimoja tu nimepima vibaya, na nimembebesha kompadre wangu. Sasa wataupaka huo uzito ukutani."

Nikamwambia ukweli wangu. "Ukisema, Ubaldo hana tena mechi yake safi. Sabini na nane haina hoja. Domitilo hatachorwa kabisa."

"Najua."

"Na anataka kuchorwa. Juzi alikuja kuazima mafuta ya nywele kwa mume wangu."

"Najua, Nieves."

"Basi nyamaza, mwanamume. Nimesema uongo mkubwa kuliko huo kwa sababu ya kuku."

Akachukua daftari, akaenda zake. Alisahau kofia, na Lao hajawahi kusahau kitu.

Jumamosi asubuhi banda lilijaa. Kwetu kura hatupigi kwa mikono, kwa sababu watu wa San Rufino wana tabia ya kuinua yote miwili. Tunapanda mizani. Upande mmoja unapanda wote, unasomwa, unashuka, kisha upande mwingine. Uzito mkubwa ndio ushindi. Eneida alikuwa ameleta wajomba zake wawili kutoka pwani, wauza jibini, kila mmoja na tumbo la miezi kumi na moja. Domitilo alikuja na nywele zinang'aa, shati la timu limembana kifuani.

"Eneida, bibi wee," akasema, "hao wajomba wanajua hata besiboli ni nini?"

"Wanajua kukaa kwenye mizani, mwanangu. Leo yatosha."

"Sitini na tatu hamkuwahi kuwa na mechi safi."

"Na ninyi hamkuwahi kuwa na kituo cha tatu."

Watu wakaangua kicheko. Ndipo Lao akaingia, kichwa wazi, akauliza, "Nani wa mwisho?"

Tukageuka wote. Miaka yote hiyo Lao hakuwahi kushika foleni. Mwandishi wa daftari habishani. Mjomba mmoja wa Eneida, ambaye hakujua desturi zetu, akainua kidole, kisha akasema apite tu, yeye hana la kusema.

Lao alieleza yote akiwa amesimama: shimo la kaa, mpira, penseli. Hakupamba. Mimi ningeweka angalau kaa mwenyewe akichungulia. Alipomaliza akamgeukia Domitilo. "Kompadre, hukukosa. Nisamehe. Nilikwandikia kitu kisicho chako."

Nilidhani Domitilo atamkumbatia. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Nani kakutuma?" akasema.

"Dhamiri."

"Nani alikwambia nautaka huo msamaha wako? Umemwua Ubaldo mara ya pili, na mimi umenifuta. Kwa sauti, mbele ya wauza jibini."

"Kompadre…"

"Pima watu, Lao. Ndiyo kazi yako."

Ikawa kupima. Watu watano wa sabini na nane walisogea upande wa pili wakitazama chini. Sitini na tatu wakapanda, mizani ikalia, Lao akasoma: ratili elfu mbili mia sita na kumi. Kisha tukapanda sisi, maana mimi ni wa sabini na nane mpaka kaburini. Lao aliegemea kusoma, akasita, akanitazama.

"Nieves, toa pasi."

"Pasi gani?"

"Mbili. Za mkaa. Chini ya sketi."

Nikazitoa. Zilikuwa na ratili kumi na mbili, zote mbili kwa pamoja, na bila hizo tulishindwa kwa ratili kumi na moja. Nalisema hili ili dunia ijue nani alijaribu.

"Panda wewe, Lao," watu wa upande wetu wakamwambia. "Ratili mia na thelathini zako zinatosha. Panda, mambo yaishe."

"Mpimaji hapandi," akasema Lao. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alimtazama Domitilo aliposema hivyo, naye Domitilo akashuka, akavua shati la timu, akaenda zake amelishika mkononi.

Mchoraji akachora sitini na tatu. Aliwachora vizuri, tisa wote, hata wale wenye masikio mabaya. Siku kumi Domitilo hakufika bandani. Lao alikuja kila siku, akapaka mizani grisi, akaketi. Alipungua. Mimi sina macho yake, lakini nilimkadiria ratili sita zilizopotea, na mkanda wake ulikubaliana nami.

Siku ya kumi na moja Domitilo akaingia bila kusalimia, akasimama mbele ya Lao.

"Nionyeshe daftari."

Lao akalitoa kwenye mfuko, maana alilibeba sasa kila mahali. Akafungua. Domitilo akainama mpaka pua ikakaribia karatasi.

"Bado ipo tano."

"Bado ipo. Daftari lilifungwa siku moja baada ya mechi. Hata mimi siwezi kuligusa."

"Hukuifuta?"

"Nimesema kilichotokea. Kufuta ni jambo lingine."

Domitilo akakaa kwenye ubao, kwa mara ya kwanza siku hizo. Nikampa kahawa. Akanywa yote kabla ya kusema, na ilikuwa ya moto.

"Kompadre, ulidhani nilijipiga kifua ili nimsaidie Ubaldo?"

"Basi kwa sababu gani?"

"Nilikuwa nalijua lile shimo. Nilicheza pale miaka kumi. Yule kaa nilikuwa namjua kwa sura. Kila mechi nilisimama mbele ya shimo lake, ili niudake mpira kabla haujafika pale. Siku ile nilisimama nyuma." Akatazama ndani ya kikombe. "Kulikuwa na msichana kwenye jukwaa, anakula mapera. Nikarudi nyuma nimwone vizuri. Mpira ukaja, ukagonga shimo. Kosa lilikuwa langu, Lao. Nilijipiga kifua kwa sababu lilikuwa langu. Miaka arobaini nalibeba kihalali, halafu wewe unakuja unasema ulinipa kama sadaka."

Lao akafunga daftari. Kisha akasema taratibu, kwa ile sauti yake ya kusoma mizani, "Pamoja na hayo, mpira ukigonga shimo, kwa kanuni, ni mpigo halali."

"Mlinzi analijua shimo."

"Kanuni haiulizi mlinzi anajua nini."

"Kanuni haikucheza San Rufino. Hatua moja mbele, naudaka."

"Hatua mbili."

"Moja, kompadre."

"Msichana alikuwa nani?" akauliza Eneida, bila foleni.

"Nilimwoa," akasema Domitilo. "Mwulize. Atakwambia nilirudi hatua ngapi, hajaacha kunihesabia."

Wakainuka wote wawili, wakaenda uwanjani, na sisi nyuma yao. Nyasi zimeota mpaka kiunoni. Domitilo akasimama alipodhani alisimama, Lao akapiga magoti kutafuta shimo. Eneida alisema ni mpigo, wajomba zake, ambao walikuwa bado hawajarudi pwani, wakasema ni kosa, na mimi nikasema nakumbuka kaa mwenyewe, alikuwa mkubwa kama beseni. Sitini na tatu walitutazama kutoka ukutani na rangi zao mpya. Hakuna aliyewazungumzia tena tangu siku walipochorwa. Kitu kikishachorwa ukutani, utakibishania nini tena?

Shimo halikupatikana siku hiyo. Lao alisema watarudi kesho na kamba na panga, wapime kutoka kituo cha tatu chenyewe. Domitilo akampangusa udongo magotini, akamwambia alete na daftari.