Aliyesoma Chumvi Katika Tope la Pangani

Habari ilinifikia sokoni, nikichagua ndimu. Dereva wa basi la Pangani, mtu ninayemfahamu kwa sura tu, alinishika bega akaniambia kwamba yule jamaa yangu aliyekuwa akitazama tope kwenye darubini amefariki, na wameshamzika tangu jana alasiri. Kifua kilimshinda. Nikalipia ndimu ambazo sikuzitaka tena, nikarudi nyumbani, mtaa wa Mabawa, nikaketi barazani bila kuvua kofia. Wasomaji wangu wa siku nyingi watanisamehe. Mwaka huu safu hii imekuwa kama ubao wa matangazo ya misiba, nami nimechoka kuandika habari za watu ambao nilitaka wazidi kunisoma.

Hatukuwa marafiki wa chanda na pete. Nilimjua alipokuwa msaidizi wa Mzungu mmoja mtaalamu wa miamba, aliyekuja kuchunguza udongo wa mdomo wa Mto Pangani. Walipewa ghala kuukuu la mkonge hapa Tanga, karibu na bandari, wakaligeuza mahali pa kazi. Walikuwa wakishindilia bomba la chuma kwenye ukingo wa mto, wakilitoa limejaa tope, kisha wakilikata tope lile vipande vipande kama mtu akatavyo muhogo. Kila kipande kilichemshwa kwa dawa kali iliyotutoa machozi hata sisi tuliosimama mlangoni. Mjini waliitana kwenda kumtazama mtu mzima anayepika tope, wakampa yule msaidizi jina la Fundi Tope. Mimi nami nilikwenda kutafuta kichekesho cha kuandika. Alinikalisha kwenye kigoda, akaniambia niweke jicho kwenye darubini.

"Waona nini, sheikh?"

"Naona ungo uliotobolewa matundu."

"Huo ni wa baharini. Tazama na hiki." Akabadilisha kioo, nikaona kitu chembamba mfano wa mbegu ya tango. "Hicho ni cha mtoni. Chumvi hakiiwezi."

Vilikuwa vijimea vidogo mno, alinieleza, vinavyoelea majini bila mtu kuviona, kila kimoja na gamba lake la kioo. Vikifa huzama na kulala kwenye tope, vya sasa juu ya vya kale, na gamba haliozi. Akijua ni vya aina gani vilivyolala katika kila kipande, alijua maji yaliyopita pale zamani yalikuwa na chumvi kiasi gani, hata zama ambazo hapakuwa na mtu wa kuyaonja. Nikamuuliza hayo yote yana faida gani kwa mtu anayetafuta chakula cha jioni. Hakukasirika. Alisema tope lile lilitoka kwenye ukingo wa jaruba la shangazi yake, na shangazi anataka kujua kama apande mpunga au asipande.

Hapo kichekesho changu kikaniishia. Miaka ile maji ya bahari wakati wa bamvua yalikuwa yameanza kupanda mto kupita pale watu walipoyazoea, na mpunga wa kandokando ukawa unageuka manjano kabla ya kutoa maua. Watu walikuwa wanamwaga mbegu, na chumvi inazila. Mkubwa mmoja akaitisha baraza, akaahidi kwamba litajengwa tuta la kuzuia bahari, akawahimiza waendelee kupanda bila wasiwasi. Makofi yalipigwa sana. Na mimi nilipiga, kwa kuwa jua lilikuwa kali na nilitaka kwenda zangu.

Baada ya baraza nilifuatana na Fundi Tope hadi kwa shangazi yake, ng'ambo ya mto. Tulimkuta jarubani, jembe mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Haya, hilo tope lasemaje?"

"Lasema chumvi ilishawahi kuja hapa zamani, ikakaa, kisha ikaondoka, maji ya mto yakarudi."

"Kumbe huondoka." Uso wake ulikunjuka. Niliuona, na mimi ningekomea hapo hapo.

"Huondoka, shangazi, lakini si upesi. Tabaka lake ni nene. Ilikaa vizazi na vizazi."

"Miye nitauona mpunga hapa tena?"

"Hutauona. Na mbegu unazomwaga hapa zapotea bure."

"Na tuta?"

"La tuta silijui. Nalijua tope."

Bibi yule alitia jembe begani akaondoka, hata kwaheri asituage.

Maneno yale yalisambaa upesi. Wapo waliosema ana ulimi mbaya, wapo waliosema yeye ndiye aliyeutia mpunga nuksi kwa zile dawa zake. Salamu zake msikitini zikawa zinajibiwa nusunusu. Mzungu wake alipomaliza kazi na kwenda kwao, ghala lilirudishiwa mkonge, naye akarudi Pangani kupima nazi kavu kwa mfanyabiashara. Tuta, kwa kadiri ninavyojua, bado liko kwenye mipango.

Siku moja tulikutana kwenye pantoni. Alikuwa amekonda na anakohoa. Nikamwambia kwamba angeweza kumwambia shangazi chumvi huondoka, kisha akanyamaza, na isingekuwa uongo.

"Isingekuwa uongo," alisema. "Lakini angepanda tena."

Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi, hasa siku hizi ambapo hakipiti kipindi bila baraza, na hakuna baraza lisilo na ahadi yake. Sisemi kwamba wanaoahidi ni watu wabaya. Wengi wanatupenda, na hawataki kuziona nyuso zetu zikikunjamana. Sisi nasi hatuwasaidii, maana tunampigia makofi anayetufurahisha, na anayetuambia jambo lilivyo tunamwita mwenye nuksi. Nimefanya kazi hii ya kuandika muda mrefu, na mikono yangu imechoka kwa makofi kuliko kwa kalamu.

Siku ya tatu nilivuka kwenda kwenye hitma. Dua ilipokwisha zikaletwa sinia za wali. Shangazi alikuja mwenyewe pale nilipoketi, mgongo umepinda sasa, akanisogezea bakuli la mchuzi.

"Kula, mwanangu. Mchele wa dukani, nazi yangu miye."

Nikamuuliza ana shamba la minazi wapi. Akaniambia ni pale pale jarubani. Maneno ya mpwa wake yalimkasirisha msimu mzima, hakumsemesha, halafu akapanda minazi, maana mnazi hauogopi chumvi. Ilikuwa imeanza kuzaa. Wenzake, alisema, wangali wanapanda mpunga na kungoja tuta.

"Angalininyamazia siku ile," alisema, "nami ningalikuwa nangoja nao." Kisha akalia.

Watu wa kutuambia kwamba chumvi itaondoka tunao tele, na tutaendelea kuwapata. Aliyetupenda kiasi cha kutuambia haitaondoka tungali hai tumemzika Pangani, na wengi wa waliombeba walikuwa hawaitikii salamu yake.