Pigo la Nyumba Yetu

Mpaka leo, vidole vyangu vikigonga meza mara tatu, naurudisha mkono haraka.

Miaka ile ya hamsini padri wa misioni yetu kule Masisi alionyesha sinema zisizo na sauti, alasiri, madirisha ya darasa yamezibwa kwa mablanketi. Sauti yake ilikuwa njo mimi. Nilitunga muziki wa kutisha, kwa kinanda na ngoma, na kichwa kilikuwa kimenivimba.

Siku moja ikaja sinema ya mtu anayepita msituni na kitu kinamfuata. Nilipiga kinanda, watu wakacheka tu na kutafuna karanga. Hasira ikanipanda. Nikajiuliza, mimi mwenyewe ninaogopa nini? Kwetu kifo kilitangazwa kwa ngoma: mapigo matatu, kimya, halafu pigo la nyumba ya marehemu, maana kila nyumba ilikuwa na lake. Nikapiga hivyo hivyo, na mwishoni nikaweka pigo letu. Darasa likawa kimya kama maji ya mtungini. Nilifurahi, nakiri.

Tangu baba afariki nyumba yetu ilikuwa watu watatu: mama, mimi na kaka yangu, aliyekwenda kuchimba madini Walikale. Ulikuwa mwaka wa pili bila habari yake. Mama alikuwa akipalilia maharagi upande wa Lushebere, akaisikia ngoma. Nilipotoka darasani nilimkuta uani, udongo kichwani, akimlilia kaka.

“Mama, ni sinema,” nikamwambia. “Ni mimi njo nilipiga.”

Alinitazama sana. “Unapiga ngoma ya kifo na hakuna muntu amekufa? Sasa itatafuta nani?”

Aibu iliniua. Niliapa sitarudia. Lakini padri aliomba, watu wakaomba, na mimi napenda kuombwa. Nikapiga tena, na tena. Mama akazoea. Akiisikia alisonya tu, akaendelea na jembe.

Wakati wa kuvuna, siku isiyo na sinema, nilitoka misioni kwenda kumsaidia shambani. Nilimkuta ameinama, mgongo kwangu, hajaniona. Ngoma ikalia kutoka bondeni. Mapigo matatu. Kimya. Pigo letu.

Mama hakuinua kichwa.

“Mutoto wangu na sinema yake,” akasema peke yake, kwa upole kabisa, akang’oa shina jingine.

Nilisimama nyuma yake, nikakosa mdomo wa kumwambia: Mama, niko hapa.