Gari Linalonuka Nsansa

Mama alikataa kupanda gari langu kwa sababu lilikuwa linanuka. Ndivyo alivyoniambia, na mimi nikamwamini, maana lilikuwa linanuka kweli. Ukiwasha AC, harufu ilikutangulia kabla ya ubaridi: sufuria ya mboga iliyosahaulika jikoni na maji yake. Mara ya mwisho nilipokuwa namleta kwangu alitapika tukiikaribia Kahama. Akanawa uso kando ya barabara, akafunga kitenge chake vizuri, akasema, "Mayu, gali lako hili sipandi tena." Mayu ni mama kwa Kisukuma, na mama zetu hutuita hivyo hivyo sisi binti zao, hasa wanapotaka tusibishe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na mgodi wa Bulyanhulu. Yeye yuko Songwa, upande wa Kishapu, peke yake tangu baba afariki, akiwa na ng'ombe wachache ambao jirani humsaidia kuwachunga. Masika yaliyopita aliteleza uani, akabaki amekaa kwenye matope mpaka mtu akapita na kumwinua. Kuanzia hapo sikutaka kitu kingine duniani ila aje aishi na mimi. Chumba nilishakipaka rangi. Kitanda nilikichonga kifupi ili asipate shida kupanda. Jioni nikitoka shule nilikuwa nasimama kwenye mlango wa kile chumba, nikitazama shuka ambazo hakuna aliyezilalia, nikiwa na hamu ya kugombezwa. Mtu mzima na akili zangu, natamani kuulizwa kwa nini nimechelewa kuanua nguo.

Basi la abiria alilikataa pia. Alisema linamtikisa mgongo. Kwa hiyo lilibaki gari langu, na gari langu linanuka. Niliichukia ile harufu kama vile mtu anavyomchukia jirani mchongezi.

Nilianza na ujinga wa kila mtu. Nikaning'iniza manukato kwenye kioo, nikapata mboga iliyooza yenye manukato. Nikaweka mkaa chini ya viti, nikachafua zulia bure. Fundi mmoja akaapa kwamba kuna panya amefia ndani, akapekua kila mahali, panya hakuonekana, na harufu haikupungua. Siku nimekwenda Shinyanga mjini nikaingia kwenye duka la spea la mzee mmoja wa Kihindi ambaye amekuwa akiniuzia vitu tangu ninunue gari. Akatoka nje, akaniambia niwashe AC, akarudi nyuma hatua moja.

"Mwalimu, ile evaporeta yako imeshika uchafu. Rejeta ndogo, iko nyuma ya droo ya abiria. Baridi inatoka pale."

"Nimpelekee fundi?"

"Atakushushia dashibodi nzima. Toa droo, toa feni, safisha na sabuni na mswaki laini. Bomba za gesi usiguse kabisa."

Magari yaliyowahi kushushwa dashibodi nayajua, yanarudi yakipiga kelele kila kona. Nikaamua kufanya mwenyewe.

Jumamosi asubuhi nikaliegesha nyuma ya nyumba, chini ya mwarobaini. Nikachomoa waya wa betri. Nikatoa droo, skrubu zote nikaziweka kwenye bakuli la mboga nisizipoteze. Ili kuifikia feni ilibidi nilale chali, kichwa kikiwa pale abiria anapoweka miguu na miguu yangu ikiwa nje ya mlango. Waliopita walidhani nimezirai. Mchimbaji mmoja mdogo akasimamisha bodaboda yake.

"Mwalimu! Duara lako limetoa?"

Duara kwao ni shimo la dhahabu. Nikamjibu nikiwa huko chini kwamba limetoa matope tu, na kama ana nafasi aje aonje. Akacheka, akaondoka.

Feni ilipotoka, matope yakaniangukia shingoni. Yalikuwa meusi yenye ukijani, yamejaa kwenye meno ya feni na kuganda juu ya ile rejeta ndogo mpaka mistari yake haionekani. Nilichukua kidogo nikasaga kwa vidole. Nikanusa, na safari hii nikanusa taratibu, bila hasira. Ndani ya matope mlikuwa na vipande vya majani, membamba, vimelowa. Nikavitambua hapo hapo. Ilikuwa nsansa.

Nsansa ni majani ya kunde yaliyokaushwa juani hadi yanavunjika ukiyagusa, mboga yetu ya kiangazi. Mama hawezi kwenda kwa mwanawe mikono mitupu. Kila aliposafiri na mimi alibeba nsansa kwenye mfuko wa kitambaa, na mfuko ule haukuingia kwenye buti hata siku moja, kwa kuwa buti linanuka petroli na chakula cha watoto hakipandi na petroli. Aliuweka chini mbele yake, kati ya miguu, akiukandamiza kwa magoti kila tulipoingia kwenye shimo. Mimi nami, kwa sababu ya vumbi la njia zetu, nilibonyeza ile swichi inayozungusha hewa ya ndani isiingie ya nje, nikaiacha hivyo mwaka hadi mwaka. Sasa, hewa ya ndani feni huivuta kutoka wapi? Pale pale juu ya miguu ya abiria. Gari la zamani halina hata kichujio. Safari zote tulizopiga soga, yeye na mimi, gari lilikuwa linakula mboga yake taratibu na kuilowesha kwa maji ya AC.

Nilikaa chini kwenye kivuli nikacheka. Halafu nikalia, kwa sababu nilimtaka pale nimwonyeshe na hakuwepo.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu, ilitaka subira. Nilichanganya sabuni na maji vuguvugu kwenye chupa ya kupulizia, nikapulizia, nikasugua kwa mswaki kufuata mistari, maana yale mabati membamba yakipinda hayanyooki. Mwanzoni maji hayakutoka. Mpira wa kutolea maji chini ya gari ulikuwa umeziba, nikauzibua kwa waya laini, na yakamwagika meusi, kisha ya kahawia, kisha safi. Feni niliiosha peke yake, sehemu ya waya nikaiepusha na maji. Nikaacha kila kitu kikauke hadi alasiri, nikarudisha. Ikabaki skrubu moja kwenye bakuli ambayo mpaka leo sijui ni ya wapi. Nikawasha. Ukaja ubaridi mtupu, haunuki chochote, na mimi nikapiga kigelegele peke yangu kama niko harusini.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa Songwa.

"Shikamoo mama."

"Malahaba, mayu. Mbona umekuja bila taalifa?"

"Nimekuja unuse gari."

Alinitazama sana. Kisha akapanda, akafunga mlango mwenyewe, nikawasha. Tukaenda mpaka Mhunze na kurudi, yeye ameinua kidevu, upepo wa baridi ukimpiga usoni, akisifu. Nilimsimulia habari ya nsansa, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Sijui kama niliwahi kuwa na furaha kuliko ile njia ya kurudi. Tayari nilikuwa nampangia kichwani nani atamletea maziwa asubuhi.

Tulipofika mlangoni kwake nikamwambia tufunge vitu vyake, jua lisituchwee njiani. Hakushuka. Aliweka mkono wake juu ya wangu, pale kwenye gia.

"Gali limepona," akasema. "Sasa sina cha kusingizia."

Nikamuuliza ana maana gani.

"Ningekwambiaje, mwanangu? Umepaka langi chumba. Umechonga kitanda. Halufu ilikuwepo kweli, lakini ilinisaidia kukataa bila kukukataa wewe." Akanyoosha kidole kwenye zizi, ambalo ubavuni mwake kuna kaburi la baba. "Kule kwako nikifungua mlango asubuhi, nitamsalimia nani? Hapa nikifungua, huyo pale."

"Na basi la abiria? Na mgongo?"

"Mgongo wangu mzima."

Nikamwambia ataanguka tena. Akasema huenda. Nikamwambia namtaka, kwa sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu nikiwa mdogo. Akasema anajua, akanishika shavu kwa kiganja chake kikavu, kisha akashuka na kunifungia mlango pole pole.

Nilirudi peke yangu. AC ilifanya kazi vizuri njia nzima, na kiti cha pembeni hakikunuka mboga, wala matapishi, wala mtu. Muda wote gari lile lilipokuwa linanuka, mimi nilikuwa bado na mama ninayemngoja aje.