Mawe Sita ya Redio

Mwaka 1972, ghasia zilipofika kwetu Rumonge, kaka yangu alivuka ziwa na wavuvi wa kijiji cha Magara, na hatukusikia lolote tena. Redio ya ng'ambo ilisoma salamu za waliovuka kila jioni, kabla ya magharibi. Mama aliishi kwa salamu hizo. Basi betri, ambazo kwetu tunaziita mawe, zilipoanza kuisha na maduka yamefungwa, nilikosa usingizi.

Nilikuwa nimetoka shule ya ualimu, na diplome yangu, cheti cha kufundishia, bado mpya. Shangazi aliyaanika mawe juani, mkeka mmoja na ndagala, dagaa wa ziwa letu, kama walivyofanya watu wote wa pwani yetu. Kisha akaazima mengine ya tochi, akayafunga yote ubavu kwa ubavu, vichwa upande mmoja, akaunganisha waya.

"Sasa iko mengi. Itanguruma!"

Haikutoa hata mkwaruzo.

"Shangazi, yakikaa hivyo msukumo unabaki wa jiwe moja, volti moja na nusu. Yanadumu zaidi tu. Redio inataka tisa. Tuyapange mstari, kichwa kwa tako, sita, ndipo volti zijumlike."

"Panga basi, mwalimu. Hotuba haiwashi redio."

Nilipanga. Redio ikawaka, sauti ikapanda, ikakatika. Nikakwangua kutu, nikakaza waya, nikawaza ni jiwe gani linanisaliti. Jua lilikuwa linashuka. Hatimaye nikakumbuka: jiwe lililochoka lina ukinzani mkubwa ndani yake, unaozuia umeme. Ukiliomba mkondo mkubwa, volti zinaporomoka. Na spika ikipiga kelele ndiyo inayoomba mkondo.

Nikapunguza sauti hadi mnong'ono. Haikukatika tena. Lakini ilitosha sikio moja tu, nami nikampa Mama.

"Usipumue," Shangazi akaninong'oneza. "Hata mawazo yako yanapiga kelele."

Mama alifumba macho muda mrefu. Kisha akainuka.

"Wamemsoma. Iko Kigoma, muzima."

Redio ikazima. Nilimfuata jikoni.

"Walitaja na jina la baba? Majina yanafanana, Mama."

"Walitaja." Alikuwa anaosha mchele. "Na wewe amekusalimu. Anasema uache kufikiri sana."

Hata hilo nikaanza kulitilia shaka. Nikayatoa mawe, nikayapanga mkekani, yangoje jua la asubuhi.